Mpango wa Mkoa wa Songwe Unaandikwa na Nani?



Kila mwaka, ikikaribia Machi, vijiweni hapa Tunduma utasikia: "Mkoa umepitisha mpango." Basi kelele zinaanza. Mtaro wetu mbona haumo? Soko je? Lawama zote kwa Mkuu wa Mkoa. Hata mimi nilikuwa hivyo hivyo, mpaka nilipofuatilia hayo makaratasi yanavyotembea. Kumbe tunapoanza kupiga kelele, mechi imeshakwisha.

Iko hivi. Mkoa wetu ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao makuu Vwawa. Lakini Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 iliufanya mkoa kuwa mshauri na msimamizi. Wanaopanga ni halmashauri, nazo ziko tano: Mji wa Tunduma, Mbozi, Momba, Ileje na Songwe.

Safari ya mpango ni hii:

1. Mtaa au kijiji. Hapa hutumika utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo: wananchi wanataja walichonacho, walipokwama, na kipi kianze.

2. Kata. Kamati ya Maendeleo ya Kata, mwenyekiti wake diwani, inachambua.

3. Halmashauri. Wataalamu wanaunganisha, Kamati ya Fedha inapitia, Baraza la Madiwani linapitisha.

4. Kamati za Ushauri za Wilaya na Mkoa. Ile ya mkoa ndiyo wanakaa Mkuu wa Mkoa, wabunge, wakurugenzi na wenyeviti wa halmashauri. Jina lenyewe linasema: ushauri.

5. TAMISEMI, Hazina, halafu Bunge. Julai 1 mwaka mpya wa fedha unaanza.

Tusichanganye mambo lakini. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa 2019, ni mradi wa nchi mbili, haukuanzia kwenye mkutano wa mtaa. Mitaro, masoko, vyoo vya shule na zahanati, hivyo ndivyo vyetu.

Uchungu uko wapi? Hazina inashusha ukomo wa bajeti. Kata zimeomba mengi, pesa haitoshi, lazima vingine vikatwe. Mtaro uliolalamikiwa kijiweni tu, bila kuandikwa kwenye muhtasari wowote, nani atautetea?

Mkutano wa mwisho niliohudhuria mtaani kwetu, tulikuwa wachache kuliko waliojaa banda la mpira jirani. Ila kosa siyo letu peke yetu. Tangazo linabandikwa jana, mkutano leo saa nne asubuhi, wakati mama ntilie yuko jikoni na kijana wa bodaboda anatafuta hesabu ya bosi. Mkifika mnasomewa orodha, mnaulizwa "mmekubali?", mnapiga makofi. Huko siyo kushirikishwa jamani, ni kusomewa.

Tufanyeje? Tuwabane viongozi wa mtaa mikutano iitwe mapema, na kwa muda ambao watu wapo. Ukihudhuria, hakikisha hoja yako imeandikwa. Muulize diwani ilifika kata, na kama ilikatwa, kwa sababu gani. Ukizungushwa, ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016: andika barua, wana siku 30 za kujibu.

Mvua zikija, maji yataingia ndani kwetu, siyo Vwawa.

Nawasilisha.