Namba za Nasibu Bandia na Rejista ya Kusogeza

Sarafu irushwapo juu, hakuna ajuaye mapema itaangukia upande upi. Mashine ya hesabu haina sarafu. Kila inachoandika hutokana na kanuni. Hata hivyo ipo njia rahisi ya kuifanya itoe mfululizo wa 0 na 1 unaofanana mno na matokeo ya sarafu. Namba za namna hiyo huitwa namba za nasibu bandia, na chombo kimoja kinachozitoa ni rejista ya kusogeza yenye mrejesho.

Tuchukue vyumba vinne vilivyopangwa mstari mmoja, A, B, C na D, kila kimoja kikiwa na tarakimu 0 au 1. Katika kila hatua, tarakimu za C na D hujumlishwa pasipo kubeba, yaani 1 na 1 hufanya 0. Kisha tarakimu iliyomo katika D hutolewa nje na kuandikwa, nyingine zote husogea chumba kimoja kuelekea kulia, na jibu la kujumlisha huingia katika A. Tukianza na 1000, hali zinazofuata ni 0100, 0010, 1001, 1100, na kuendelea. Tarakimu zinazotoka ni hizi:

0 0 0 1 0 0 1 1 0 1 0 1 1 1 1

Baada ya hatua 15 rejista hurudi kwenye 1000, na mfululizo huanza upya. Vyumba vinne vina hali 16 tu, na hali ya 0000 haifai kwa kuwa haizai kitu ila yenyewe. Basi 15 ndio upeo. Lakini upeo huo haufikiwi kwa kila mpango. Tukijumlisha B na D badala ya C na D, rejista iliyoanza na 1000 hurudi hapo baada ya hatua 6. Uteuzi mwema wa vyumba hutegemea aljebra, ambayo Solomon Golomb aliieleza kwa mapana katika kitabu chake cha mwaka 1967. Vyumba 31 vilivyoteuliwa vyema hutoa tarakimu 2,147,483,647 kabla ya kurudia.

Mfululizo huu una manufaa makubwa pale ambapo hakuna siri. Kila setilaiti ya GPS hutangaza alama yake ya kiraia yenye tarakimu 1,023, inayotengenezwa kwa rejista mbili za vyumba 10 na kurudiwa kila sehemu ya elfu ya sekunde. Kipokezi kinaijua alama hiyo tangu awali. Ndiyo maana huweza kuitambua katikati ya makelele ya redio.

Shida huanza mtu anapotaka kuficha ujumbe. Kufanana na nasibu si sawa na kutobashirika. Katika rejista yetu kila tarakimu ni jumla ya mbili zilizotangulia, ile ya hatua nne nyuma na ile ya hatua tatu nyuma. Asiyejua vyumba vinavyojumlishwa, akinasa tarakimu nane zinazofuatana, hupata milinganyo minne yenye visivyojulikana vinne, kazi ambayo mwanafunzi wa sekondari aweza kuimaliza kwa kalamu. Mwaka 1969 James Massey alionyesha kwamba njia aliyoibuni Elwyn Berlekamp kwa kazi nyingine huivumbua rejista yoyote ya aina hii kwa haraka: vyumba 100 havihitaji zaidi ya tarakimu 200.

Kwa hiyo wahandisi huzichanganya rejista ili kuvunja unyofu huo. Simu za mkononi za GSM zilipewa kanuni ya A5/1, yenye rejista tatu za vyumba 19, 22 na 23, ambazo hazisogei zote kila hatua: zinazokubaliana na wengi ndizo zisogeazo. Hilo nalo halikutosha. Vyumba vyote pamoja ni 64, na kufikia mwaka 2010 majedwali yaliyokokotolewa kabla yalikuwa yamewekwa hadharani, yakiwezesha ufunguo wa mazungumzo kupatikana kwa kompyuta ya kawaida.