KWA NINI ALIYEKUJA NYUMA YAKO ANATIBIWA KWANZA?

Ndugu zangu wa Nyanza-Lac, kwenye chumba cha dharura hatufuati foleni. Mtoto mwenye degedege, mama anayetokwa damu na mgonjwa wa kipindupindu aliyeishiwa maji mwilini hutangulizwa, kwani wakisubiri wanaweza kufa.

Ugomvi huanza watu wasipoelezwa hivyo. Uingereza, hospitali mbili, ya London na ya Southampton, zilibandika mabango yanayoeleza kila hatua na sababu ya kusubiri. Matokeo yalitangazwa mwaka 2013: vitendo vya vitisho vilipungua kwa nusu.

Nasi tunaweza: ubao mlangoni kwa Kirundi na Kiswahili, na mtu wa kuwaeleza wasiojua kusoma.

Mgonjwa wako akizidiwa mkiwa mnasubiri, usigombane. Mwite muuguzi mara moja ampime tena.