Kifafa kwa mtoto: Umeme wa ubongo unapokosa breki

Povu linalomtoka mtoto aliyeanguka kifafa haliambukizi. Ni mate yake mwenyewe ambayo ameshindwa kuyameza kwa sababu misuli ya taya na koo imekaza, yakachanganyika na hewa anayopumua.

Kutojua jambo hilo dogo kumegharimu maisha. Katika Bonde la Kilombero na milima ya Mahenge ng'ambo ya mto, wapo watu walioangukia motoni wakaungua vibaya huku waliokuwa karibu wakisita kuwavuta, kwa hofu kwamba atakayegusa mate ya mgonjwa naye ataanguka. Wengine walizama majini.

Kwa wazazi wa Kibaoni na kata nyingine za mji wa Ifakara, pa kuanzia kuiondoa hofu hiyo ni kuelewa kinachotokea ndani ya kichwa cha mtoto wakati huo.

Ujumbe unavyosafiri mwilini

Mfumo wa fahamu una sehemu kuu tatu: ubongo, uti wa mgongo, na mishipa ya fahamu inayosambaa mpaka kwenye ncha za vidole. Kazi yake hufanywa na seli za neva, ambazo huitwa pia nyuroni. Ubongo wa mtu mzima unakadiriwa kuwa na nyuroni bilioni 86.

Kila nyuroni ina kiini, matawi mafupi yanayopokea ujumbe, na mkia mrefu unaoupeleka mbele. Ujumbe wenyewe ni umeme mdogo unaotokana na madini ya chumvi yaliyomo mwilini. Nyuroni ikiwa imetulia, huweka sodiamu nyingi nje ya ukuta wake na potasiamu nyingi ndani. Ikichochewa, vijilango vya ukutani hufunguka, sodiamu huingia kwa kasi, na mshtuko wa umeme hukimbia kwenye mkia kama moto kwenye nyasi kavu.

Mikia mingi imevikwa utando wa mafuta, mfano wa waya uliovikwa plastiki. Utando huo huongeza kasi, na katika mishipa yenye mbio kuliko yote ujumbe hupita mita 100 kwa sekunde moja. Ndiyo maana mtoto akigusa sufuria ya moto, mkono hurudi wenyewe kwanza, maumivu yakafuata. Amri ya kuuondoa mkono hutolewa kwenye uti wa mgongo, kabla habari ya maumivu haijafika kwenye ubongo.

Ujumbe ukifika mwisho wa mkia hukuta pengo dogo sana kati ya nyuroni moja na nyingine, ambalo kwa kawaida umeme hauwezi kuliruka. Wanaokumbuka safari ya Ifakara kwenda Mahenge kabla ya Daraja la Magufuli wataielewa hali hiyo: barabara ilifika ukingo wa Mto Kilombero ikaishia hapo, ikabidi kungoja kivuko. Kwenye ubongo, kivuko ni kemikali. Humwagwa upande huu, huvuka pengo, na kugonga mlango wa nyuroni ya upande wa pili.

Zipo kemikali zinazosema "amka, peleka ujumbe", na zipo zinazosema "tulia". Hizo za pili ndizo breki za ubongo, na iliyo kuu kati yake inaitwa GABA. Kuwaza, kutembea, kusoma na hata kulala vyote vinategemea uwiano wa pande hizo mbili.

Breki zinaposhindwa

Ubongo ukiwa sawa ni kama soko asubuhi. Kila muuzaji anazungumza na mteja wake, makelele ni mengi lakini biashara inaendelea. Kifafa kinapompata mtoto, ni kama wauzaji wote wameanza kupiga ukelele mmoja kwa pamoja. Hakuna anayesikilizana na mwenzake, na kazi inasimama.

Vurugu hiyo ikianzia sehemu ya ubongo inayoongoza mkono, mkono huo pekee huanza kucheza. Ikienea ubongo mzima, mtoto hupoteza fahamu, huanguka, hukakamaa, kisha viungo hurukaruka. Anaweza kujikojolea au kujing'ata ulimi. Baadaye husinzia kwa uchovu, na akiamka hakumbuki lolote, kwa kuwa ubongo ulioshughulika na vurugu haukuweza kuweka kumbukumbu.

Si kila kifafa huangusha. Wapo watoto wanaokodoa macho kwa sekunde chache bila kusikia wanapoitwa, kisha wanaendelea na walichokuwa wakifanya. Darasani mtoto wa aina hiyo huonekana mzembe na huenda akaadhibiwa, kumbe ni mgonjwa.

Kwamba hili ni jambo la umeme si nadharia tu. Daktari Mjerumani Hans Berger alirekodi umeme wa ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924, na kutangaza matokeo yake 1929. Kipimo kilichotokana na kazi yake hutumika hospitalini hadi leo.

Funzo kutoka ng'ambo ya mto

Bonde la Kilombero lina historia ya pekee katika elimu ya ugonjwa huu. Mwaka 1960, daktari kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge baada ya kukuta wagonjwa wengi miongoni mwa Wapogoro, wengi wakiwa na makovu ya moto na wakiishi kwa kutengwa. Aliona pia watoto ambao kabla ya kuanza kuanguka walikuwa wakidondosha kichwa mbele mara kwa mara, hali ambayo wenyeji waliieleza kwa maneno "amesinzia kichwa". Miaka mingi baadaye, hali kama hiyo iliwashtua wataalamu ilipowapata maelfu ya watoto kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini.

Utafiti ulioongozwa na daktari Mtanzania Henry Rwiza na kuchapishwa 1992 ulifika katika vijiji 11 vya Wilaya ya Ulanga vyenye wakazi zaidi ya 18,000. Wagonjwa 207 wa kifafa walipatikana, sawa na mtu 1 hivi katika kila watu 100. Mwaka huohuo ilichapishwa taarifa ya wagonjwa 164 wa kliniki ya Mahenge waliofuatiliwa kwa miaka 30. Zaidi ya nusu ya vifo vyao vilihusiana na kifafa chenyewe: kuanguka mfululizo bila kukoma, kuzama na kuungua.

Vifo vya namna hiyo vingi vinaweza kuzuilika kwa dawa na kwa mtu wa kumshika mgonjwa.

Kinachoharibu uwiano

Chochote kinachoacha kovu kwenye ubongo kinaweza kuvuruga breki zake. Mtoto aliyechelewa kupumua alipozaliwa, aliyeugua malaria kali iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo, au aliyeumia kichwa kwa ajali ya bodaboda, yumo hatarini. Wengine hurithi ubongo wenye breki dhaifu. Kwa wengine chanzo hakijulikani hata baada ya vipimo.

Minyoo tegu ya nguruwe nayo huchangia, na hapa wengi hukosea. Vifuko vya mnyoo huyo huingia kwenye ubongo wa mtu aliyemeza mayai yake, na mayai hutoka kwenye kinyesi cha binadamu mwenye tegu. Hufika mdomoni kwa mikono michafu, maji au mboga zisizooshwa vizuri. Hivyo hata familia isiyokula nguruwe kamwe inaweza kupata. Kinga ni choo kinachotumiwa na kila mtu, kunawa mikono kwa sabuni, na kufunga nguruwe wasizurure.

Katika milima ya Mahenge kuna jambo la ziada: usubi, ugonjwa unaoletwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi. Watafiti waliopita katika vijiji 4 mwaka 2017 walikuta kifafa kwa watu 2.5 katika kila 100, na katika vijiji vya ndani kiwango kilifika 3.5. Penye maambukizi mengi ya usubi, kifafa nacho ni kingi. Familia zinazogawiwa dawa ya usubi, Mectizan, zinakinga macho, na kwa mujibu wa watafiti hao zinakinga pia ubongo wa watoto wao.

Degedege la homa

Mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 anaweza kupata degedege kwa sababu ya homa kali. Watoto wengi wa aina hiyo hawana kifafa na hawatakipata. Kifafa ni pale mtoto anapoanguka zaidi ya mara moja bila homa wala sababu nyingine ya wakati huo.

Hata hivyo, degedege lenye homa ni dharura katika eneo lenye malaria kama Kilombero. Wapo wazee wanaolihusisha na ndege wa usiku au shetani, na kuanza na kumfukiza mtoto moshi. Muda huo ndio ambao malaria huendelea kuushambulia ubongo. Mtoto mwenye homa aliyepata degedege anatakiwa kufikishwa kituo cha afya siku hiyohiyo, saa hiyohiyo.

Mtoto anapoanguka

• Ondoa moto, visu, mawe na chochote kinachoweza kumuumiza. Kama ameangukia motoni au majini, mtoe mara moja. Kumgusa hakuambukizi.

• Weka nguo laini chini ya kichwa, legeza nguo za shingoni.

• Mlaze ubavu ili mate yatoke na asipaliwe.

• Usimkandamize. Usimtie kijiko, kitambaa wala kidole mdomoni. Ulimi haumezwi, lakini meno huvunjika na kidole hung'atwa.

• Usimpe maji, chakula wala dawa ya kunywa mpaka azinduke kabisa.

• Tazama saa. Ikipita dakika 5, au akianguka tena kabla hajazinduka, mkimbize hospitali. Fanya hivyo pia kama ni mara yake ya kwanza, ameumia, ana homa au alikuwa majini.

• Mwingine achukue video kwa simu. Daktari hutegemea sana maelezo ya aliyeona, na video fupi humsaidia kuliko maneno mengi. Baada ya hapo video ibaki ya daktari, isisambazwe kwenye makundi.

Dawa hurudisha breki

Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata matibabu sahihi. Fenobabitoni, iliyoanza kutumika kwa kifafa mwaka 1912, huongeza nguvu ya kemikali ya kutuliza. Kabamazepini hufanya vijilango vya sodiamu visifunguke ovyo. Zipo nyingine, na daktari ndiye anayechagua kulingana na aina ya kifafa na umri. Msichana anayekaribia kuvunja ungo anahitaji uangalizi zaidi, kwani baadhi ya dawa zinaweza kumdhuru mtoto tumboni siku za baadaye.

Dawa hizi haziondoi kovu. Huzuia vurugu kila siku zinapomezwa, ndiyo maana kuziacha ghafla ni hatari. Ubongo uliozoea kusaidiwa hukutwa bila breki, na mtoto anaweza kuanguka mfululizo bila kukoma. Kwa kawaida daktari hufikiria kupunguza dawa baada ya miaka 2 au zaidi bila kuanguka, tena polepole.

Kwa familia za wakulima wa mpunga, hatari hiyo ina msimu wake. Wakati wa kulima na kuvuna wengi huhamia mashambani kwa wiki nyingi, mbali na duka la dawa. Dawa ya mtoto inahitaji kuhesabiwa kabla ya safari, kama unavyohesabiwa unga na chumvi. Familia inayokwenda kuombewa au kwa mganga inaweza kufanya hivyo bila kuacha dawa.

Nyumbani na shuleni

Ulinzi mwingi ni wa mambo madogo. Jiko la mafiga lizungushiwe ukuta mfupi au liinuliwe, na mtoto asiachwe apike peke yake. Kisima kifunikwe. Kuogelea, kuvua kwa mtumbwi na kupanda miti kusubiri mpaka kifafa kitulie, na hata hapo awe na mtu mzima. Alale mapema, kwa kuwa kukosa usingizi huchokoza ubongo.

Shule nayo ijulishwe. Mwalimu anayejua kumlaza mtoto ubavu na kuwatuliza wenzake huokoa zaidi ya maisha. Huokoa nafasi yake darasani. Watoto wengi wenye kifafa huacha masomo kwa aibu ya kuanguka mbele ya wenzao, wala si kwa kukosa akili.

Mtoto aliyeanguka mara moja anaweza kuanza uchunguzi katika kituo cha afya kilicho karibu, na akihitaji vipimo zaidi apewe rufaa kwenda Hospitali ya St. Francis, Ifakara. Mzazi aende na video, daftari la tarehe alizoanguka, na maelezo ya jinsi mtoto alivyozaliwa na homa alizowahi kuugua.