Tuzo za Runinga za Uingereza: Mtoto Yumo Chumbani, Lakini Yuko na Nani?

Kila mwaka watu wa runinga nchini Uingereza hukusanyika jijini London katika hafla iitwayo National Television Awards. Tuzo hizo zilianza mwaka 1995, na zinatofautiana na nyingine nyingi kwa kuwa washindi wake huchaguliwa na watazamaji wenyewe kwa kura. Mama wa nyumbani, mzee aliyestaafu na mwanafunzi wa chuo wote wana sauti moja. Kwa sababu hiyo, anayetaka kujua ni jambo gani limezishughulisha familia za nchi ile anaweza kupata fununu katika orodha ya washindi.

Hafla ya mwaka 2025 ilifanyika tarehe 10 Septemba katika ukumbi wa O2. Gumzo kubwa lilikuwa juu ya watangazaji. Ant na Dec, walioishika tuzo ya mtangazaji bora kwa miaka 23 mfululizo, mara hii walishindwa na Gary Lineker, mchezaji wa kandanda wa zamani. Lineker alikuwa ameondoka BBC mwezi Mei, kufuatia mzozo juu ya ujumbe kuhusu Uzayuni alioueneza mtandaoni na kisha kuuombea radhi. Alipoipokea tuzo alisema kwamba wakati mwingine inafaa mtu mwenye jukwaa alitumie kuwasemea wasio na sauti.

Hayo yana uzito wake. Lakini iko tuzo nyingine ya usiku ule ambayo tungependa kila mzazi aitafakari. Tuzo ya tamthilia mpya ilikwenda kwa Adolescence, jina lenye maana ya umri wa kubaleghe, na tuzo ya uigizaji wa tamthilia akapewa Owen Cooper, kijana wa Warrington ambaye hakuwa amewahi kuigiza katika runinga kabla ya hapo. Siku nne baadaye, kwenye tuzo za Emmy huko Los Angeles, tamthilia hiyo ikashinda tena, na Owen, akiwa na miaka 15, akawa mwanamume mdogo kuliko wote waliowahi kupata tuzo ya Emmy ya uigizaji.

Tamthilia yenyewe ina sehemu nne tu. Iliandikwa na Jack Thorne na Stephen Graham, na Graham ndiye anayeigiza kama baba. Kila sehemu ilipigwa kwa mkupuo mmoja, kamera haisiti tangu mwanzo hadi mwisho. Waandishi wanasema walisukumwa na habari za wavulana wa Uingereza waliowaua wasichana kwa visu. Kisa ni cha kubuni, lakini kilikotoka si kubuni.

Alfajiri moja polisi wanavunja mlango wa nyumba ya fundi bomba aitwaye Eddie Miller. Hawakumfuata yeye. Wamemfuata Jamie, mwanawe wa miaka 13, anayetuhumiwa kumuua msichana wa shule yake. Baba anaamini kwamba polisi wamekosea nyumba. Mama analia, dada mtu ameduwaa. Kabla ya sehemu ya kwanza kumalizika, baba anaonyeshwa picha za kamera ya barabarani na kujionea mwenyewe kwamba aliyefanya kitendo kile ni mtoto wake.

Basi mtazamaji hapewi fumbo la kutafuta muuaji. Anaachiwa swali zito zaidi: mtoto huyu amefikaje hapa?

Katika sehemu ya pili polisi wanakwenda shuleni kutafuta sababu na hawaambulii kitu, mpaka mtoto wa mpelelezi mwenyewe, anayesoma hapo, anapomvuta babake kando na kumfasiria. Vile vialama vya rangi ambavyo marehemu aliviandika chini ya picha za Jamie mtandaoni, ambavyo watu wazima waliviona kuwa ishara za urafiki, vilikuwa dhihaka. Vilimtaja kuwa mmoja wa wale wanaume wa mitandaoni ambao wanawake hawawataki, nao huwalaumu wanawake kwa upweke wao. Mpelelezi mzoefu, aliyesoma ushahidi wote, hakuweza kusoma lugha ya mwanawe.

Sehemu ya mwisho ndiyo iliyowaliza wazazi wengi. Zaidi ya mwaka umepita. Eddie na mkewe Manda wameketi chumbani mwao wakijihesabu. Eddie alipigwa sana na babake alipokuwa mdogo, akaapa kutowafanyia wanawe hivyo, na aliutimiza ule wahadi. Binti yao, aliyelelewa katika nyumba iyo hiyo, ni msichana mwema. Wamekosea wapi? Wanakumbuka kwamba Jamie alikuwa akirudi shuleni, akipanda ghorofani na kufunga mlango. Taa ya chumba chake ilikuwa ikiwaka hadi usiku wa manane. Nao walitua, kwa sababu mtoto hayuko barabarani. Yumo chumbani, na chumbani ni salama.

Nchini Uingereza tamthilia hii haikuishia kwenye runinga. Waziri Mkuu Keir Starmer alisema ameitazama pamoja na watoto wake, akaitisha mkutano juu ya yaliyomo, na Netflix ikaruhusu shule zote za sekondari za nchi hiyo kuionyesha bila malipo. Wazazi waliopiga kura mwezi Septemba walikuwa wamekwisha kuizungumza mezani kwao kwa miezi sita.

Huenda msomaji akasema hayo ni ya wenzetu, sisi tuna madrasa, tuna majirani, tuna mashangazi. Ni kweli, na neema hiyo tuishukuru. Lakini nyumba ya akina Miller haikuwa na ulevi wala vita vya mke na mume. Ilikuwa nyumba ya watu wanaopendana na wanaojichumia riziki yao. Kilichopenya ndani kilipenya kupitia chombo ambacho kipo Mji wa Kale, Kisauni, Malindi na Lamu sawasawa na kilivyo kule. Wahenga walituusia kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Zama zao ulimwengu ulikuwa nje ya mlango, na mtoto alipaswa kutoka ili akutane nao. Leo anajifungia nao ndani.

Na ulimwengu huo una walimu hodari. Wapo wanaomwambia mvulana kwamba uanaume ni kumdharau mwanamke, na kwamba dada zake na mamake ni viumbe wa kuamrishwa. Baadhi yao hujua kuyapamba maneno hayo kwa lugha ya nguvu, ya mafanikio, hata ya dini. Kijana aliyekosa wa kumuuliza atawaamini, kwa kuwa wao ndio wanaozungumza naye kila usiku.

Wapo watakaosema dawa ni kuwanyang'anya watoto simu. Hilo ni rahisi kulitamka. Katika nyumba nyingi za Pwani baba au mama yuko Ghuba kikazi, na simu hiyo hiyo ndiyo inayomwonyesha mtoto uso wa mzaziwe. Haja iliyopo ni kwamba mtoto asiachwe peke yake nayo. Zilale sebuleni simu zote usiku, na za wazazi zikiwemo. Tumwombe mtoto atufundishe maana ya vialama anavyotumiana na wenzake, na tumsikilize pasi na kumcheka wala kumkaripia. Na jambo hili lisitupwe mabegani mwa mama pekee. Mvulana hujifunza heshima kwa mwanamke kwa kumtazama babake anavyozungumza na mkewe, na baba aliye mbali anaweza kumpigia mwanawe peke yake, si kumsalimia tu akipita nyuma ya mamake.

Tamthilia yenyewe ina lugha chafu na mambo mazito, hivyo haifai kwa watoto wadogo. Wazazi waitazame kwanza, kisha waamue kama vijana wao wakubwa wataitazama pamoja nao. Nasi hapa Kenya tunazo tuzo za Kalasha, zilizoanzishwa mwaka 2009 na Tume ya Filamu ya Kenya. Tutafurahi siku watunzi wetu watakapotuandikia kwa Kiswahili cha Pwani kisa cha nyumba yetu wenyewe, chenye ujasiri kama huu.

Nyumba njema si mlango, wamesema wakubwa, fungua uingie ndani. Nasi tunawaomba wazazi waanzie na ule mlango mmoja wa chumba cha mtoto. Wabishe hodi kwa upole, waingie, waketi kitandani, na waulize siku ilikwendaje. Jibu la kwanza huenda likawa fupi. Wakae hata lije la pili.