Chandarua Kimefaulu? Tusihesabu Vilivyogawiwa Tu



Kwa muda mrefu taarifa zetu zimeonyesha idadi ya vyandarua vilivyogawiwa. Idadi hiyo inamfaa mtunza stoo na mhasibu, lakini haituelezi kama chandarua kimefanya kazi yake. Tulipotembelea kaya za Old Korogwe, tulikuta nyumba yenye vyandarua viwili. Kimoja kilikuwa bado kwenye mfuko wake, kimewekwa kwa ajili ya mgeni. Cha pili kilikuwa na tundu la kupitisha ngumi. Katika taarifa yetu kaya hiyo ilikuwa imeshakingwa, kumbe watoto wake waliumwa na mbu kila usiku.

Kwa hiyo tunapendekeza maswali manne:

1. Kimefika? Lengo ni chandarua kimoja kwa kila watu wawili.

2. Kinatumika? Ulizeni nani alilala ndani ya chandarua usiku wa kuamkia leo. Mkiuliza, "Huwa mnatumia?" kila mtu atajibu ndiyo.

3. Bado ni kizima? Shirika la Afya Duniani hupanga matundu kwa ukubwa: la kidole gumba, la ngumi, la kichwa. Vyandarua vyenye dawa ya muda mrefu vilitarajiwa kudumu miaka 3. Utafiti uliofanyika nchini na kuchapishwa mwaka 2020 ulipima aina tatu, ukaona zinadumu takribani miaka 2 hadi 2 na nusu tu.

4. Malaria imepungua? Kwa vipimo vya kitaifa vya watoto wa chini ya miaka mitano, maambukizi yalishuka kutoka takribani asilimia 18 mwaka 2007/08 hadi asilimia 8 mwaka 2022. Vyandarua vimechangia, lakini dawa mseto nazo zimechangia, na mvua hubadilika mwaka hadi mwaka. Tusijitwalie sifa yote.

Tunaziomba kamati zitembelee angalau nyumba kumi kila robo mwaka, zikiwa na maswali haya na ruhusa ya wenye nyumba.

Kwenu wafadhili, huenda mtaona namba ndogo kuliko mlizozoea. Msivunjike moyo. Namba hiyo ndiyo itakayotuonyesha ni mtoto yupi bado analala bila kinga, ili tumfikie kabla ya masika.