Umenunua lori la zamani la jeshi? Anza na habu na breki kabla ya kupakia mavuno

Leo naacha kidogo mbegu na mbolea. Kikundi kimoja cha wakulima wa michikichi hapa Buzebazeba wamechanga fedha wakanunua Bedford la zamani lililowahi kuwa la jeshi, lile linalovuta magurudumu ya mbele na ya nyuma. Injini inawaka vizuri, chesisi ngumu, bei ilikuwa nafuu. Wameniuliza waanze na matengenezo gani kabla halijaanza kubeba mzigo. Nimewajibu waanze na habu na breki, injini itafuata.

Mimi ni afisa ugani, si fundi wa gereji. Ila zana za kilimo tulisoma chuoni, na haya yanahusu pia mwenye Land Rover ya zamani na hata mwenye tela la trekta. Ukiyaelewa, fundi hatakudanganya.

Habu na breki ni kazi moja

Gurudumu limefungwa kwenye habu. Ndani ya habu kuna beringi mbili za rola, na habu inazunguka juu ya bomba la ekseli. Kwa nyuma yake kuna oili sili, yaani pete yenye mdomo wa mpira inayozuia grisi na mafuta ya difu yasitoke, na maji na tope visiingie. Ngoma ya breki nayo imefungwa kwenye habu hiyo hiyo, na ndani yake ndiko viliko viatu vya breki, mafundi wanaita breki shuu.

Sasa angalia. Sili ikichoka, mafuta yanavuja moja kwa moja kwenye breki shuu. Shuu iliyolowa mafuta haishiki, hata ukikanyaga pedali kwa nguvu zote. Beringi ikilika, habu inacheza, sili inaharibika, tunarudi pale pale. Kwa hiyo fundi akikwambia "tubadilishe shuu tu, habu tuiache", mkatalie. Fikiria lori limejaa ndizi na kahawa kutoka Kalinzi, linateremka kuja Mwandiga, na utingo amekaa juu ya mzigo. Hapo ndipo utajua thamani ya sili.

Dalili za kuangalia

- Baada ya safari, sogeza mgongo wa mkono karibu na kila habu. Yenye joto kuliko wenzake ina tatizo la beringi au breki inayong'ang'ania.
- Alama za mafuta upande wa ndani wa rimu au tairi.
- Gari linavuta upande mmoja ukifunga breki.
- Muungurumo unaopanda na kushuka kufuata mwendo.
- Gurudumu likiwa juu ya jeki, ulitikise juu na chini. Likicheza sana, fungua.
- Pedali inazama. Magari mengi ya zamani yana mfumo mmoja tu wa mafuta ya breki, kwa hiyo bomba moja likipasuka breki zote za mguu zinaondoka.

Tabia ya kuoshea magari ziwani

Hii naisema kwa sababu naiona. Gari linatoka safari, habu zina moto, dereva analiingiza majini. Habu ikipoa ghafla, hewa ya ndani inanywea na kuvuta maji kupitia kwenye sili. Maji yanachanganyika na grisi, beringi inapata kutu, na wewe huoni kitu mpaka siku inapovunjika. Tena mafuta yanayobaki ziwani tunakunywa sisi na samaki wetu. Osha gari mbali na ziwa, likiwa limepoa.

Ukitaka kujua grisi ina kazi gani, muulize Liemba. Meli hiyo ilikuwa ya kivita ya Wajerumani, jina lake Graf von Götzen. Mwaka 1916 waliizamisha wenyewe, lakini kwanza mafundi walipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Chuma kilichofunikwa vizuri kwa grisi kinavumilia.

Hatua za kazi

1. Egesha mahali tambarare na weka kabari kwenye magurudumu yanayobaki chini. Usiitegemee handbreki: kwenye Land Rover za zamani inabana shafti, si magurudumu, na ukiinua gurudumu moja la nyuma haishiki tena. Ukishainua, weka stendi au magogo imara. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

2. Angalia rimu kabla ya kushika spana. Baadhi ya magari ya jeshi yana rimu ya vipande viwili vilivyounganishwa kwa nati zake. Ukizifungua nati hizo tairi likiwa na upepo, rimu inaruka na inaua. Toa upepo wote kwanza. Pia kwenye Bedford nyingi nati za magurudumu ya kushoto zinafunguka kinyume na ulivyozoea. Msizilazimishe mkakata stadi.

3. Ukivua ngoma usipulize vumbi kwa mdomo wala kwa pampu. Shuu za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake linaleta ugonjwa wa mapafu na saratani. Lowanisha kwa maji, futa kwa kitambaa, kisha kitambaa hicho kifunge kwenye mfuko na kukitupa.

4. Osha beringi kwa dizeli, zikauke. Rola yenye vishimo, kutu au rangi ya bluu ya kuungua, badilisha pamoja na kikombe chake.

5. Jaza grisi ya beringi kwa kiganja, ukiisukuma mpaka itokee upande wa pili wa rola. Usijaze habu nzima. Ikipata joto itasukuma sili.

6. Weka sili mpya kila unapofungua, na mdomo wake utazame kule mafuta yaliko. Kagua pia pale sili inapokaa. Pakiwa na mfereji, hata sili mpya itavuja.

7. Shuu zilizolowa mafuta usizichome moto ili "zikauke". Mafuta yameshaingia ndani na yatarudi. Badilisha, kushoto na kulia kwa pamoja. Inua mpira wa silinda ya gurudumu. Ukiona unyevu, inavuja.

8. Kaza nati ya habu huku mwingine akizungusha gurudumu, kisha ilegeze kidogo mpaka lizunguke kwa wepesi bila kucheza sana. Kipimo kamili kipo kwenye kitabu cha gari. Kunja washa ya kufungia nati.

9. Rekebisha shuu, toa hewa kwenye mabomba. Tumia mafuta ya breki ya aina inayotakiwa na gari lako. Ukitia mafuta ya injini au mawese, mipira itavimba na breki zitakufa.

10. Jaribu gari likiwa tupu, kisha na mzigo nusu. Simama baada ya kilometa chache, pima joto la habu zote.

Vipuri

Mpango wa karanga wa mwaka 1947, kule Kongwa, Nachingwea na Urambo, ulitumia matrekta mengi ya mitumba ya jeshi. Mengi yalikufa haraka na vipuri vikawa shida. Na nyie msinunue gari kwanza halafu mkatafuta spea.

Habari njema ni kwamba beringi zina namba zilizogongwa kwenye chuma. Dukani usiulize "mna ya Bedford?", utaambiwa hakuna. Peleka namba. Sili peleka ya zamani ipimwe kipenyo cha ndani, cha nje na unene. Andika namba hizo kwenye daftari la kikundi, maana mtazihitaji tena.

Mkigawana mapato ya mzigo, tengeni fungu la habu na breki kabla ya kugawana faida. Na watu wasipande juu ya mzigo, hata kama breki ni mpya.