Chakavu, Skrepa na Taka: Majina Matatu ya Kompyuta Moja

Kompyuta ilipoingia katika lugha yetu ilizua mjadala mrefu wa jina. Wako waliopendekeza ngamizi, wenzetu wa Kenya wakashika tarakilishi, na Tanzania kwa kawaida ikabaki na kompyuta. Juhudi hizo zote zilihusu mashine iliyo nzima. Mashine ikifa, istilahi zetu hazina utaratibu, na hapo ndipo penye hatari.

Tuchukue mfano wa shule ya Katesh, wilayani Hanang, yenye kompyuta kumi zisizowaka. Mkuu wa shule, akiomba kibali cha kuziondoa, huziita mali chakavu. Zikiuzwa mnadani, mnunuzi huziita skrepa, neno linalojumlisha kila kiwezacho kuwekwa juu ya mizani. Ama Kanuni za mwaka 2021 zinazohusu vifaa vya umeme na elektroniki vilivyokwisha matumizi, zenyewe huziita taka. Kitu ni kile kile. Lakini chakavu husema kimechoka, skrepa husema kina bei, na taka husema kisishikwe ovyo. Onyo limo katika jina la tatu tu, nalo ndilo lisilotamkwa wakati wa mauziano.

Si haki kumlaumu mnunuzi peke yake. Katika nchi hii ya Hanang na Mbulu, chuma kilichokwisha kazi hakijapata kuwa taka. Wahunzi wa Kidatoga, wa ukoo wa Gidang'odiga, tangu zamani hufua misumari na vipande vya chuma kuwa visu na vichwa vya mishale, na huyeyusha shaba ya kufuli na mabomba wakapata bangili. Kwao hiyo ni malighafi, na hawakukosea. Tofauti ni kwamba jembe likivunjika hubaki chuma, ilhali kompyuta huficha mengi. Kioo cha skrini ya zamani, ile ya chogo, huweza kuwa na risasi ya uzito wa kilo moja hata mbili. Lehemu inayoshika vipande juu ya ubao wake, hasa katika mashine zilizoundwa kabla ya 2006, aghalabu ni mchanganyiko wa bati na risasi. Nyaya nazo zikichomwa ili ipatikane shaba, ambayo wanunuzi huiita kopa, ganda lake la plastiki hutoa moshi wenye sumu.

Hapa mfasiri hujikwaa tena. Akiandika kwamba kioo kina risasi, msomaji ataulizia bunduki. Hapana budi aandike madini ya risasi, na aongeze mara moja kwamba hudhuru ubongo wa mtoto. Tangu sheria ilipotamka, mwaka huo huo wa 2021, kwamba lugha ya sheria za nchi ni Kiswahili, uangalifu wa namna hii si anasa.

Limebaki jina la kitendo chenyewe. Mitaani gari likitolewa vipuri huambiwa limechinjwa. Neno lina uhai, ila halifai katika waraka. Kufumua, wasemavyo mafundi wa injini, kunadokeza kwamba fundi atarudishia. Kuvunja ndilo linaloandikwa mara nyingi, nalo ndilo baya kuliko yote, maana kioo kikivunjwa ndipo vumbi la risasi linaporuka. Mimi napendelea kukongoa. Ni neno la seremala: kung'oa msumari bila kupasua ubao. Atakayeambiwa akongoe atatafuta bisibisi, hatatafuta nyundo.

Basi tangazo la mnada lingesomeka hivi: “Kompyuta chakavu kumi. Ni taka hatarishi. Zikongolewe; zisivunjwe wala kuchomwa.” Ofisa mmoja niliyemwonyesha sentensi hizo alisema zitashusha bei. Ni kweli, zitaishusha.